Peni ya Tundu: Kuzijua Senti Kumi Zinazofanana

Mimina mezani kopo la sarafu za zamani za Afrika Mashariki, za enzi ya Mwingereza, utaona rundo moja la kahawia. Karibu kila senti kumi ina tundu katikati, ina taji upande mmoja na pembe za ndovu upande wa pili, na imeandikwa TEN CENTS. Kenya waliiita peni, na mdogo wake, senti tano, wakamwita ndururu. Anayeanza kukusanya sarafu hulitazama rundo hilo, akachagua peni moja inayong'aa kuliko wenzake, akazirudisha nyingine koponi. Huenda hapo amerudisha sita ambazo hana.

Mimi mwenyewe nilianza hivyo hivyo. Peni mbili za kwanza kununua kwa hiari yangu nilizikuta Tanga, kwa mzee aliyekuwa akiuza makufuli, funguo na taa za chemli. Alikuwa amezitunga kwenye uzi mmoja wa katani. Nikamwambia nachukua moja tu, maana zote ni zilezile: mwaka 1936, tundu, taji.

“Umesoma shule, mjukuu wangu?”

“Nimesoma, babu.”

“Basi soma.”

Nikasoma. Moja iliandikwa GEORGIVS V, ya pili EDWARDVS VIII. Mwaka mmoja, wafalme wawili. Nikalipa zote mbili, na mzee hakupunguza hata shilingi.

Tuanzie kwenye mwaka huo, maana unamfundisha mtu kazi yote. Mfalme George wa Tano alifariki tarehe 20 Januari 1936. Mwanawe Edward akarithi, lakini tarehe 11 Desemba mwaka huohuo akawa ameuachia ufalme ili amwoe mwanamke aliyemtaka, na mdogo wake akashika nafasi kwa jina la George wa Sita. Kule Uingereza kwenyewe, sarafu zenye sura ya Edward hazikuwahi kuingia mikononi mwa watu. Huku kwetu mambo yalikuwa mepesi. Peni haikuwa na kichwa cha mfalme hata kidogo, kwani mahali ambapo kichwa kingekaa pana tundu. Kilichohitajika ni kubadilisha jina kwenye ukingo, na jina likabadilishwa. Sarafu za tundu za Afrika Magharibi ya Kiingereza nazo zilibadilishwa hivyo. Kwa hiyo mvuvi wa Pangani alikuwa na jina la Edward wa Nane mfukoni, na bawabu wa London hakuwa nalo.

Muuzaji akikueleza hadithi hiyo kisha akataja bei ya kukutoa jasho, msikilize hadithi, bei muachie. Hizi peni za Edward zilichapwa kwa mamilioni. Hadithi yake ni ya ajabu, idadi yake ni tele.

Kabla hatujaendelea, V iliyo kwenye GEORGIVS na EDWARDVS si kosa la mchongaji. Ni Kilatini, na Kilatini cha maandishi ya kuchonga huandika U kama V. Nimeshaletewa peni kama hiyo mara mbili na mtu aliyeamini amepata “yenye makosa ya herufi”. Wote hao walikuwa watu wazima, mmoja wao mwalimu.

Sasa chukua peni tatu za Edward, zote za 1936, uziweke chini ya mwanga. Usitumie mwanga wa juu. Weka tochi ya simu ubavuni ili herufi zitupe kivuli. Zungusha kila moja polepole, pande zote mbili. Kwenye nafasi iliyo wazi unatafuta herufi ndogo kuliko nyingine zote, isiyo sehemu ya neno lolote. Unaweza kukuta H. Unaweza kukuta KN. Unaweza usikute kitu. Hizo ni aina tatu tofauti, na mkusanyaji huzihesabu tatu.

Herufi hiyo ni alama ya kiwanda. H ni Heaton, kampuni ya ukoo huo iliyokuwa Birmingham. KN ni King's Norton, nayo ya Birmingham. Isiyo na herufi imechapwa na kiwanda cha kifalme cha London, ambacho kikielemewa na kazi kiliwagawia hao wengine. Pesa ni ileile na thamani ni ileile. Muuza samaki hakujali hata siku moja. Lakini kiwanda kilitaka kazi yake ijulikane, endapo mzigo wenye kasoro ungerudishwa, na hicho kiherufi cha kazi za ndani leo ndicho kinachotenganisha bahasha moja ya mkusanyaji na nyingine.

Palipo na mtego ni kwenye ile isiyo na herufi. Kukosekana kwa herufi nako ni alama, ila kwanza uwe na hakika kwamba ilikosekana tangu kiwandani. Herufi ndogo ndiyo ya kwanza kulika. Uchafu nao huingia katikati ya miguu miwili ya H ukaijaza mpaka ikawa nukta. Kipimo changu ni hiki: angalia vitu vingine vyembamba vilivyo jirani, kama ncha za pembe za ndovu na vitone vya maandishi. Vikiwa bado vina makali, basi na herufi ingekuwepo, ingeonekana. Vikiwa vimelala, vimekuwa laini kama sabuni iliyotumika, usiseme “London”. Andika “haisomeki”. Nina bahasha nzima yenye neno hilo na wala sioni haya.

Vita Kuu ya Pili ilileta herufi nyingine. Njia ya bahari kutoka Uingereza ilikuwa ya hatari, na mahitaji ya sarafu yalikuwa yameongezeka, kwa sababu Waingereza walipowaondoa Waitalia mwaka 1941, shilingi ya Afrika Mashariki ilianza kutumika Somalia, Eritrea na Ethiopia pia. Kazi ikagawiwa viwanda vya karibu zaidi. Peni ya 1941 unaweza kuikuta na I, yaani India, kiwanda cha Bombay. Ya 1943 ina SA, yaani Afrika Kusini, kiwanda cha Pretoria. Hiyo I ni balaa kwa mgeni: ni kistari tu, na kwenye sarafu iliyokwaruzwa, vistari viko kila mahali. Tofauti ni kwamba I ya kiwandani imeinuka juu ya uso wa sarafu kama herufi nyingine, na mkwaruzo umechimba kwenda chini. Pitisha mwanga wa ubavuni kutoka kushoto, kisha kutoka kulia: kilichoinuka hutupa kivuli upande wa mbali na tochi, kilichochimbwa hubeba kivuli chake ndani, upande wa karibu na tochi. Ukilijua hilo umeokoa pesa nyingi. Na SA haiifanyi sarafu kuwa ya Afrika Kusini, kama vile shati lililoshonwa China halimfanyi aliyelivaa Mchina.

Vita hiyohiyo ilipunguza shaba. Peni za mwanzo za George wa Sita zina bamba nene, yaani kile kipande cha shaba kinachogongwa chapa. Kuanzia za 1942 bamba likawa jembamba. Kwa jicho, ukiwa na moja tu mkononi, hutaiona tofauti. Zipime mbili kwenye mizani ya sonara: nene hupita gramu 11, nyembamba hukaa kwenye 9 na nusu hivi. Mtu atauliza, je, kuchakaa hakuwezi kupunguza uzito? Kunaweza, lakini kwa sehemu ndogo ya gramu. Sarafu iliyopoteza gramu moja na nusu kwa vidole peke yake isingebaki na maandishi ya kusomeka. Ikiwa maandishi ni makali na uzito ni mdogo, basi ilizaliwa nyembamba.

Mpaka hapa tumesoma jina, mwaka, herufi na uzito. Rudi kwenye maandishi ya ukingoni, yana jambo jingine. Peni za George wa Sita za miaka ya 1937 hadi 1945 zina REX ET IND:IMP, yaani mfalme na kaisari wa India. India ikajitawala mwaka 1947, cheo hicho kikafutwa mwaka uliofuata, na peni za 1949 hadi 1952 zikatoka bila ya India: GEORGIVS SEXTVS REX, basi. Namba VI nayo imeandikwa kwa neno. Watu hufikiri ni kubadilisha pambo, kumbe ni dola lililopoteza nchi, na habari hiyo ikafika mpaka kwenye senti kumi ya kununulia kiberiti. Halafu ikaja peni ya Malkia, ya 1956, iliyoacha Kilatini na kuandika kwa Kiingereza QUEEN ELIZABETH THE SECOND. Na mwisho kabisa ni ya 1964, isiyo na jina la mtawala yeyote. Tanganyika, Uganda, Kenya na Zanzibar zilikuwa huru, benki kuu zao bado hazijatoa sarafu, na bodi ya sarafu ya Afrika Mashariki ilibaki ikichapa pesa isiyo na mfalme wala rais. Mimi hiyo ndiyo ninayoipenda kuliko zote, ingawa haina bei.

Ukikuta peni nyeupe, usidhani imepakwa rangi. Kabla ya 1921 senti kumi ilichanganywa shaba na nikeli, ndiyo maana inang'aa kama kijiko. Hizo za mwanzo, tangu 1907, zimeandikwa EAST AFRICA & UGANDA PROTECTORATES, maneno marefu yaliyobanana ukingoni. Hapo chunga Edward wa Saba na Edward wa Nane, VII na VIII, mkwaruzo mmoja tu unawabadilisha. Rangi itakuamulia: wa Saba ni mweupe, wa Nane ni wa kahawia.

Lakini tofauti kubwa ya peni nyeupe na ya kahawia haionekani kwa lenzi. Senti ya zamani ilikuwa sehemu moja ya mia ya rupia. Mwaka 1920 rupia ikabadilishwa kuwa florini, na florini moja ilikuwa sawa na shilingi mbili za Kiingereza. Haukupita muda, florini nayo ikaachwa, ikaja shilingi, na shilingi moja ikagawanywa senti mia. Fanya hesabu: peni iliyokuwa sehemu ya kumi ya rupia, na peni iliyokuwa sehemu ya kumi ya shilingi, ya pili ni nusu ya ya kwanza. Maneno TEN CENTS hayakubadilika hata nukta. Kati yake kuna peni ya 1920 yenye H, senti kumi ya florini, iliyoishi muda mfupi mno. Hiyo ukiikuta koponi, kaa chini kwanza, unywe maji.

Kuna mtu ataniuliza mbona simtaji simba. Shilingi ya simba na milima husomwa kwa njia hiyohiyo, mfalme, mwaka, herufi, na ina jambo moja la ziada: mpaka 1946 robo yake ilikuwa madini ya fedha, na kuanzia 1948 haina madini hayo kabisa. Ziangushe moja moja juu ya meza ya mbao, usikilize. Masikio yatajifunza haraka kuliko macho.

Aina zote nilizotaja ni tofauti zilizopangwa. Mtu alikaa ofisini akaamua jina libadilike, bamba lipungue, herufi iwekwe. Kuna jamii ya pili ya tofauti ambayo hakuna aliyeipanga, na mfano wake mzuri uko Tabora.

Mwaka 1916 Wajerumani walikuwa wamezingirwa, meli hazifiki, na sarafu kutoka Berlin na Hamburg hazipatikani. Wakachapa zao katika karakana ya reli ya Tabora, kwa shaba na kwa shaba ya njano, nyingine ikitokana na maganda ya risasi na mizinga. Ndipo ilipozaliwa hela 20 yenye herufi T ya Tabora. (Ndiyo, hela tunayoiomba kila siku ni hiyo Heller ya Mjerumani, pesa ilitoka India, hela ikaja na Wajerumani, na mdomo wetu haukuona sababu ya kuchagua.) Mihuri ya kuchapia ilichongwa palepale, ikivunjika ikachongwa mingine, na mikono haikurudia kazi sawasawa. Kwa hiyo kuna hela 20 yenye taji kubwa na yenye taji dogo. Kwenye neno HELLER, angalia miguu ya zile L mbili: kuna muhuri ambao ncha ya L ya pili imejikunja kidogo kama ukucha, na mwingine ambao ncha ni kali. Changanya taji hizo na L hizo, changanya na metali mbili, na ghafla sarafu moja ya mwaka mmoja inajaza ukurasa mzima wa albamu.

Ya kwanza niliyoitazama kwa lenzi ilinichosha. Taji hili ni kubwa au dogo? Kubwa kuliko nini? Jawabu ni kwamba taji moja peke yake halina ukubwa. Lazima ulinganishe na kitu kisichobadilika kwenye sarafu hiyohiyo, kama urefu wa tarakimu za mwaka, au uwe na mbili mkononi. Ndiyo maana nawaambia wanaoanza wasianzie Tabora. Waanze na hela 1 ya kabla ya vita, ambayo iko nyingi: ina A ikiwa ni ya Berlin, J ikiwa ni ya Hamburg, na kazi imekwisha. Sarafu ya dhahabu ya Tabora, ile rupia 15 yenye ndovu mbele ya mlima, nayo ina aina mbili zinazojulikana kwa mahali pambo linapoishia chini ya herufi za OSTAFRIKA, lakini nakala zake zimejaa kiasi kwamba swali la kwanza huwa ni kama ni ya kweli. Septemba 1916 majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yaliingia Tabora na karakana ikanyamaza.

Sasa yale ambayo si aina, ingawa muuzaji atayaita hivyo. Tundu lililokaa pembeni ni hitilafu ya kiwanda. Bamba lilitobolewa vibaya au lilisogea wakati wa kugongwa, na hakuna aliyekusudia. Wapo wanaozikusanya, na ni burudani, lakini kila moja iko kivyake. Tundu la pili karibu na ukingo ni la mtu aliyetaka kidani. Peni iliyopigwa nyundo ikapanuka, iliyosuguliwa kwa tupa ikawa washa ya nati ya baiskeli, iliyofungwa kwenye wavu mpaka ikalika upande mmoja, zote hizo zina maisha ya kusimulia, na mimi nazihifadhi, ila katika boksi la peke yake. Rangi nayo hudanganya. Shaba iliyokaa kwenye udongo wa pwani hugeuka kijani, iliyokaa karibu na jiko hugeuka nyeusi, iliyokaa kifuani na karafuu hupata wekundu mzuri. Metali ni ileile. Jiulize tu: jambo hili lilitokea kabla sarafu haijatoka kiwandani, au baada?

Na baada ya kutoka kiwandani hakuna jambo baya lililoipata sarafu kuliko ndimu. Nilikulia nyumba ambamo sufuria za shaba zilisuguliwa kwa ukwaju na majivu mpaka ukajiona uso. Nilipopata peni yangu ya kwanza ya Edward yenye KN, ilikuwa nyeusi, nami nikaona vyema niipe heshima. Nikakamua ndimu, nikachukua majivu ya jikoni, nikasugua. Iling'aa kama nyama ya papai kwa siku mbili. Kisha ikapauka, ikawa na rangi ya waridi isiyo na uhai, na chini ya lenzi nikaona maelfu ya mistari myembamba yote ikielekea upande mmoja, upande wa kidole gumba changu. Mguu mmoja wa N ulikuwa umekwenda. Maji ya uvuguvugu na sabuni laini, kisha kuikausha kwa kuigusagusa na kitambaa, basi. Uchafu usiotoka kwa hayo, uache.

Vifaa ni vichache: lenzi ya kukuza mara kumi, mizani ya sonara inayosoma sehemu za gramu, tochi, bahasha ndogo za karatasi. Usitumie mifuko laini ya plastiki, kwa joto letu hutoa mafuta yanayoganda juu ya shaba. Andika kwenye bahasha kabla ya kuitia sarafu, kwa mpangilio uleule kila mara: mwaka, mtawala, kiwanda, uzito, hali, mahali ulipoipata. Ile ya kwangu bado ninayo, ya tatu kutoka mwisho kwenye boksi. Nje imeandikwa: 1936, Edward VIII, KN, gramu 11.1, Tanga, ndimu.